Kipande Chenye Njaa

11 Machi

Nimehamia Naitiri. Kitanda, meza, jiko la gesi, sufuria tatu na picha ya marehemu mke wangu, Bimla. Dereva wa pikapu alishusha vitu mbiombio akihofia mvua, akageuza gari na kuniacha nimesimama uani na kiti mkononi.

Nyumba ina vyumba viwili, na mlango wa nyuma unafunguka moja kwa moja kwenye ekari niliyokodi. Mwenye nyumba na shamba ni mama mjane anayeitwa Nakhungu. Watu humwita Mama Emmy, kwa jina la bintiye anayefanya kazi Kitale. Anaishi peke yake ng'ambo ya ua, na nusu ekari yake inapakana na yangu.

Jignesh alipiga simu kutoka Leicester kabla sijakunjua hata godoro. Tukarudia mapatano yetu kama mawakili, ingawa ni mwanangu. Nimepewa msimu mmoja. Nikijua kwa nini mahindi ya huku hayaongezeki, nitabaki niendelee na kazi. Nisipojua, Desemba nitapanda ndege niende nikakae katika kile chumba cha juu ambacho mkewe ameshakipaka rangi.

Jambo hili limeniwasha miaka mingi. Nimeuza mbegu na mbolea Bungoma mjini tangu nikiwa na nywele nyeusi. Mbegu zimebadilika mara nyingi, kila mpya ikija na picha ya muhindi mnono kwenye pakiti. Mzee alikuja dukani na mwanawe, leo mwanawe anakuja na mjukuu, na magunia kwa ekari ni yale yale. Nikiwauliza wanacheka. "Ni Mungu tu, Jagdish." Bimla alikuwa akinitania kwamba siku moja nitafunga duka niende nikajionee mwenyewe. Nilimwambia tutaenda wote.

13 Machi

Jana Mama Emmy alikuja na sahani mbili zilizofunikwa kwa leso. Moja ilikuwa na ugali, nyingine kuku mzima, na firigisi imewekwa juu peke yake kama taji.

"Karibu mzee. Huku kwetu mgeni hawezi lala bila kuonja kitu."

Nikamweleza kwamba sili nyama, tangu kuzaliwa.

"Hata supu?"

"Hata supu, mama."

"Hata hii firigisi? Hii ni ya heshima."

Nilikataa hata firigisi. Nilitabasamu sana nilipokuwa nikikataa, lakini hakutabasamu. Alimfunika kuku wake akarudi naye, nami nikabaki na ugali. Leo tulipokutana kisimani alisema habari za asubuhi akapita.

20 Machi

Rosaline amekuja kutoka Kitale na kamba za katani na vigingi. Ni msichana mtafiti, mwembamba, mwenye viatu vikubwa vya mpira. Anafanya majaribio kama haya katika mashamba kadhaa, hadi Saboti, na hili langu ni mojawapo. Tuligawanya ekari vipande vinne. Cha kwanza kinapata kila kitu. Kila kimoja cha vile vingine kinanyimwa kitu kimoja tu: cha pili hakipati chokaa, cha tatu hakipati mbolea ya kupandia, cha nne hakipati mbolea ya kukuzia, ile ya kuweka mahindi yakifika magotini.

"Mmea unasimama pale kitu cha kwanza kinapoisha, mzee," alisema. "Hata ukiongeza vingine vyote, hausongi. Sasa tunataka kujua hapa Naitiri ni nini inaisha kwanza."

Nilipenda jinsi alivyolisema. Dukani nimewasikia mabwana shamba wengi, na kila mmoja alikuja na chupa ya kuuza.

Akiondoka aliniambia nisikionee huruma kipande chochote. Nilicheka. Mimi nimelea mtoto mmoja na wakopaji mia, huruma iliniisha zamani.

28 Machi

Tumepanda. Vibarua wanne. Mama Emmy naye alipanda nusu ekari yake wiki hii hii, mbegu ile ile yenye picha ya muhindi mnono. Alipanda peke yake, ameinama tangu asubuhi. Hatukuongea.

2 Aprili

Mvua.

3 Aprili

Mvua. Nimekula wali na dengu. Nimepika nyingi kupita kiasi tena. Mkono bado unapimia watu wawili.

9 Aprili

Yameota! Mistari imenyooka hadi nikaona haya kwa furaha niliyokuwa nayo. Nilitafuta mtu wa kumwonyesha. Nikampigia Jignesh, akasema yuko mkutanoni.

30 Aprili

Viwavi. Tumepiga dawa. Makokha, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, alipita kwa baiskeli akanisalimu bila kushuka. "Niaje mzee, bado uko?" Anashangaa kila wiki kwamba bado niko.

9 Mei

Leo nimeweka mbolea ya kukuzia, kiganja changu na cha kibarua mmoja. Kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu. Tulipofika cha nne tukakunja mfuko. Mama Emmy alikuwa akipalilia upande wake, akanyoosha mgongo.

"Mzee, hiyo ingine umesahau."

"Sijasahau."

"Mborea imeisha?"

"Haijaisha. Hii siiwekei, ni makusudi. Ni majaribio."

"Makusudi," alisema.

"Ndiyo, mama. Makusudi."

Aliniangalia, akaiangalia mifuko, akarudi kwenye jembe lake. Nilikuwa nimechoka, sikueleza zaidi. Mtu wa duka hujua sura ya mteja asiyeamini bei, na hiyo ndiyo sura aliyonipa.

14 Mei

Kipande cha nne kimeanza kuwa njano. Majani ya chini yanakauka kuanzia nchani, kufuata mshipa wa katikati, kama Rosaline alivyosema. Wanawake wanaotoka kisimani husimama hapo. Mmoja alimwuliza mwenzake kwa sauti nami nisikie, "Huyu Muhindi ameikosea nini hii mahindi?" Nilitaka kutoka nikajieleze, kisha nikaona uvivu. Ningeanzia wapi?

Kesho naenda Bungoma. Ni mwaka mmoja wa Bimla.

20 Mei

Nimerudi jana jioni. Hekaluni tulikuwa familia chache tu, wengine wameshahama. Kuhani alisoma, tukawasha taa, Veena wa duka la vitambaa akanishika mkono akasema nimekonda. Nililala kwenye ghorofa juu ya duka letu la zamani. Sasa kuna mtu anauza simu na soda pale chini. Usiku wote nilisikia friji yake ikinguruma mahali ambapo mizani yetu ilikuwa.

Nilidhani nikirudi huku nitajisikia vizuri. Nimefungua mlango, na nyumba inanuka unyevu.

2 Juni

Ajabu. Kipande cha nne kinarudi kijani.

6 Juni

Si macho yangu. Kimekuwa kijani kibichi, bado kiko nyuma kidogo ya cha kwanza lakini kinakimbia. Kile kisicho na chokaa ndicho kimedumaa, na kile kisicho na mbolea ya kupandia kina majani ya zambarau. Nilimpigia Rosaline.

"Una hakika kibarua hakuweka?"

"Mfuko niliufunga mwenyewe, uko chini ya kitanda."

"Basi labda zamani palikuwa na zizi hapo. Samadi ya miaka mingi inaweza kubaki ardhini. Uliza mwenye shamba."

Nilimkuta Mama Emmy akianika kuni. Nikamwuliza kama pale kwenye kipande cha nne palikuwa na zizi la ng'ombe, kwa maana mahindi yamepata nguvu ghafla. Alinitazama, akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka, na hakufunika mdomo.

"Wewe mzee! Haya, ni zizi. Ni zizi ya ng'ombe."

Akaingia ndani akiendelea kucheka. Sikuona kichekesho kiko wapi, lakini jibu nimelipata.

17 Juni

Mvua ya mawe kidogo. Majani yamechanika, hakuna hasara kubwa.

25 Juni

Nusu ekari ya Mama Emmy ni ya kusikitisha. Mahindi yamesimama kama watu waliofukuzwa kazi, njano kutoka chini hadi kiunoni. Udongo ni mmoja, mbegu ni moja, mvua ni moja, lakini mwenyewe yuko kanisani. Alhamisi akina mama wa kanisa lake la Friends, Jumamosi mazoezi ya kwaya, Jumapili ibada mpaka saa nane. Sasa naanza kuelewa magunia yale yale. Wateja wangu walikuwa wakisema ni Mungu, na labda walisema kweli, ila si kwa maana waliyoikusudia wao.

Nimeandika haya nikiwa na hasira, na sijui hasira ni ya nini. Hajanikosea lolote. Nafikiri ni kwamba yeye ana mahali pa kwenda Alhamisi.

4 Julai

Mvua.

11 Julai

Mvua. Betri ya redio imekufa.

12 Julai

Nimezungumza na picha ya Bimla muda mrefu leo, kwa sauti. Nilimweleza habari za chokaa. Nilipogeuka, Mama Emmy alikuwa amesimama nje ya dirisha na ndoo kichwani. Alishusha macho akaenda zake. Kesho kijiji kizima kitajua Muhindi ameanza kuongea na ukuta.

20 Julai

Hakuna aliyenicheka. Labda hakumwambia mtu.

16 Agosti

Siku kubwa. Kikundi cha Makokha kilikuja shambani, wanaume na wanawake, na Rosaline alitoka Kitale na kipaza sauti kidogo. Nilivaa shati nililovaa kwenye harusi ya Jignesh.

Tulianzia kipande cha kwanza, mahindi mazito, mbelewele zimekauka vizuri. Cha pili, kisicho na chokaa, wakaona wenyewe. Cha tatu pia. Tulipofika cha nne pakawa na kelele.

"Ati hii haikuwekwa CAN, ile ya kukuzia?" Makokha aliuliza.

"Haikuwekwa."

"Si inatoshana na ile ya kwanza, bana! Kumbe tunaharibu pesa!"

Rosaline alisema polepole kwamba ni shamba moja, na kwamba labda palikuwa na zizi, tusubiri. Hakuna aliyemsikia. Watu walikuwa tayari wanaambiana kwamba mwakani hawanunui mbolea ya kukuzia, watanunua chokaa tu. Na mimi nilikolea. Nimesimama kando maisha yangu yote, nyuma ya kaunta, na leo watu arobaini wananisikiliza. Nikasema udongo wa huku una nguvu yake, kinachouangusha ni uchachu, ambao chokaa huutibu, na uvivu wa kupalilia. Nikanyoosha mkono kuelekea nusu ekari ya jirani. "Tazameni pale," nikasema. "Udongo ni huu huu."

Walicheka. Mama Emmy alikuwa amesimama pembeni na birika la chai aliyowapikia wageni bila mtu kumwomba.

Jioni nilimpigia Jignesh nikamwambia nimepata jibu. Nabaki. Alisema, "Hongera, Papa," kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi. Nilipika biryani ya mboga nikaila peke yangu, na hata hivyo nilifurahi.

17 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Mama Emmy alikuja baada ya ibada, bado amevaa kitambaa cheupe cha kichwani. Alikataa kukaa. Alisimama mlangoni kwangu kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Mzee, hao watu wamesema hawataweka mborea mwaka ujao."

"Ndiyo. Wameona wenyewe."

"Sasa si uwaambie."

"Niwaambie nini, mama?"

Alinitazama muda. Naona alikuwa anatafuta kama ninacheza. Kisha uso wake ukabadilika.

"Ati hukujua?"

Alinieleza. Nilipokwenda Bungoma mwezi wa tano, alichukua mfuko wake wa mbolea ya kukuzia, ule alionunua kwa ajili ya nusu ekari yake, akauweka wote kwenye kipande cha nne. Asubuhi mbili, shina kwa shina, akifunika kwa udongo ili mvua isiibebe. Hakubakiza hata mkebe.

Nikamwuliza kwa nini. Nilipandisha sauti. Nilimwambia nilimweleza waziwazi kwamba ni makusudi.

"Mzee, kila mtu akikosa anasema ni makusudi. Mtu akikosa chumvi atakuambia leo hataki chumvi. Nilijua umefilisika. Mtu alikuwa na duka mzima ya mborea, sasa anakuja kulima ya watu, anakula dengu kila siku, mborea inamwishia katikati ya shamba. Ningekuuliza mara mbili nikuaibishe?"

"Na mbona hukuniambia baadaye?"

"Kwani mtu akisaidia anatangaza? Na wewe ulikuja ukaniuliza habari ya zizi. Nikasema, kumbe Wahindi pia wanajua. Anashukuru kwa mzaha, ndiyo tusiaibike wote wawili."

Nilikaa kitandani.

"Ulikataa kuku yangu," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Firigisi ulikataa. Mgeni yuko kwangu, bibi yake amekufa, na sina kitu naweza kumlisha. Nikaona basi, hata mahindi yake isilale njaa kwangu."

Aliondoka akijifuta macho kwa kitambaa cheupe. Nami nikakumbuka mkono wangu jana, jinsi ulivyonyooka mbele ya watu wote kuelekea yale mahindi ya njano. Alikuwa amesimama pale na birika la chai.

Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna wa kumwambia.

18 Agosti

Rosaline alinitaka nirudie habari yote mara mbili kwenye simu. Kisha akasema shamba hili litatolewa kwenye ripoti lote, kwa sababu huwezi kulinganisha vipande wakati kimoja kimeguswa. Hakukasirika. Alisema tu, "Na hapo ndipo nilikuwa na matumaini zaidi, mzee." Ningependa angekasirika.

Baada yake nilimpigia Jignesh. Nilimwambia jibu lile lilikuwa la uongo, na sina lingine. Alikuwa mwema sana, na wema wake ulinichoma. Akasema atanunua tiketi ya tarehe kumi Desemba. Akasema majirani wao wana bustani ndogo nyuma ya nyumba, naweza kupanda nyanya.

23 Agosti

Nilimwomba Makokha aite kikundi. Walikaa darasani shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Nilikuwa nimepanga kusema nilikosea mimi, mfuko ulichanganyika, basi. Sikutaka kumtaja. Nilisema kipande cha nne kilipata mbolea ya kukuzia sawa na vingine, kwa hiyo yale tuliyoyaona si kweli, na tafadhali mtu yeyote asiache kununua.

Wakacheka, na walikuwa na haki. Mmoja alisema, "Muhindi alitaka kutudanganya mchana kweupe." Makokha akauliza ni nani alichanganya.

"Ni mimi," nikasema.

"Si yeye," Mama Emmy alisema kutoka nyuma. "Ni mimi niliweka. Niliweka ile yangu."

Nilitarajia kelele, na hapakuwa na kelele. Mama mmoja mnene aliyekaa karibu na dirisha alisema, "Hata mimi ningeweka. Ilikuwa inasikitisha." Mwingine akasema alikuwa ameshaongea na mumewe wapeleke debe moja, wakakuta imeshakuwa kijani. Mwingine, kwamba mwaka huu amemgawia wifi yake nusu mfuko, maana wifi alikuwa na matanga. Makokha akajikuna kichwa.

"Mzee, ukweli, mfuko moja ya mbolea hapa inatembea nyumba tatu. Utamwona ndugu yako hana, na wewe unaweka? Utalala?"

"Lakini kwenye mfuko imeandikwa ekari moja," nikasema.

"Ni nani anasoma mfuko?"

Basi hapo nikasahau aibu yangu. Nilikuwa dukani kwangu tena, nyuma ya kaunta, nikimwambia mteja: mfuko mmoja, ekari moja, usipunguze. Na mteja akiitikia, ndiyo Jagdish, mfuko mmoja, ekari moja. Kisha anafika nyumbani na kumkuta dada yake, jirani mjane, mjomba aliyeuguza. Kila shina linapata konzi ya kuonja. Wote wanapata kidogo, hakuna anayevuna sana, na hakuna anayelala njaa peke yake. Nilidhani nilikuwa nikiuzia mashamba.

Nilimpigia Rosaline nikamwambia. Alisikiliza vizuri, akasema ni jambo la maana, lakini hana kipande cha kulipima. Hata mimi sina. Na mapatano yangu na Jignesh yalikuwa juu ya vipande vinne, si juu ya maneno ya darasani.

24 Agosti

Nilikwenda kumwomba Mama Emmy msamaha kwa ule mkono. Alisema mkono gani. Nikamwambia. Akasema yeye hakuona mkono. Aliona, najua aliona.

14 Septemba

Mvua inapungua. Sasa ananiletea kunde, mrenda, sukuma. Anaweka sahani dirishani bila kubisha hodi. Mrenda unateleza kooni kama konokono, lakini naumaliza.

11 Oktoba

Tumevuna. Vibarua walikata, wakasimamisha mabua, wakamenya. Mahindi yangu ni rundo la kumfikia mtu kifuani. Ng'ambo ya ua Mama Emmy amemenya yake peke yake, na rundo lake linamfikia gotini. Magunzi mengi yana punje upande wa chini tu, huko nchani hakuna kitu.

Kipande chenye njaa kilikuwepo, basi. Kilikuwa upande ule wa ua, na nilikitazama msimu mzima nikikitukana.

Nilimwambia mavuno ya kipande cha nne ni yake, ayachukue. Alikataa kama nilivyokataa firigisi, tena bila tabasamu. "Chakula umempa mgeni hakirudi."

12 Oktoba

Jumapili. Ibada ya Friends ni ndefu, nayo Mungu aibariki. Mama Emmy alipokwisha kupita barabarani na Biblia yake, niliazima toroli ya Makokha. Nilisukuma mahindi yote ya kipande cha nne kutoka upande wangu hadi upande wake, nikayamwaga juu ya rundo lake. Mgongo umeisha. Safari za mwisho nilikuwa napumzika kila baada ya hatua chache, kama trekta bovu. Nikalisawazisha rundo kwa reki, nikarudi ndani, nikafunga mlango.

Alirudi saa nane. Nilimwona kwa pengo la pazia. Alisimama mbele ya rundo lile, na Biblia kwapani, muda mrefu.

13 Oktoba

"Habari za asubuhi, mzee."

"Nzuri, mama. Na wewe?"

"Nzuri."

Hakuna aliyesema zaidi. Naanza kujifunza.

2 Novemba

Nilimwuliza Mama Emmy kama mwakani anaweza kunikodisha tena ekari, na kama ataniruhusu kuacha kipande kimoja bila mbolea, kwa ajili ya Rosaline. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua kichwa.

"Ekari chukua. Lakini hiyo mambo ya njaa peleka kwa mtu mwingine. Hapa kwangu, hapana."

"Basi tuweke yote."

"Tuweke yote," alisema, akanisogezea muhindi mmoja nami nipukuchue.

9 Novemba

Jignesh alipiga saa kumi jioni. Mvua ndogo ilikuwa inanyesha juu ya bati, ikabidi nitoke nisimame chini ya mlimao ili nimsikie. Alitaka kujua ukubwa wa sanduku langu. Nikamwambia arudishe tiketi.

Alidhani nimepata jibu. Nikamwambia hapana, jaribio limekufa, na sitalirudia, mwenye shamba hataki. Akasema basi tulikubaliana. Nikasema najua tulikubaliana, na mimi ndiye ninayevunja, anikasirikie akitaka. Alikasirika kweli. Alisema chumba kimekaa tayari tangu Februari. Alisema watoto wameshaandika jina langu mlangoni kwa kalamu za rangi, na hapo nilishika shina la mlimao kwa mkono mwingine, kwa sababu hilo sikulijua. Alisema, mama angekuwa hai usingetufanyia hivi.

"Angekuwa hai tungekuwa wawili huku," nikamwambia.

Nilisikia gari likipita kwake, Leicester, kwenye lami yenye maji.

"Kwa hiyo unatuacha kwa ajili ya mahindi," alisema mwishoni.

Nikamwambia si kwa ajili ya mahindi. Kuna mtu huku aliyeyaacha yake yalale njaa ili yangu yale, na mimi bado sijamwalika chakula.